Volti 4.7 mkiani: michoro miwili ya umeme wa jeti moja ya rimoti

Ndege ya kisa hiki ni modeli ya Hawk, jeti ya Kiingereza ya kufundishia marubani, ile ile inayorushwa na Red Arrows, kikosi cha maonyesho cha jeshi la anga la Uingereza, na ambayo Kenya ilinunua 12 za toleo la Mk 52 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hawk halisi ina mabawa ya mita 9.39 kutoka ncha hadi ncha. Kwa kipimo cha 1:3.5 tunapata mita 2.68. Haikutoka dukani ndani ya boksi. Kiwiliwili ni faibaglasi iliyotolewa kwenye kalibu ya mjenzi mwenyewe, mabawa ni povu lililovikwa ngozi nyembamba ya mbao na kutiwa mihimili ya kaboni. Uzito wa kuruka, mafuta yakiwemo, ni kilo 24. Injini ni turbini ya nyutoni 180, kwa hiyo msukumo ni kama 0.76 ya uzito, na kwa modeli ya namna hii unatosha na kubaki. Anayerusha Nairobi apunguze matumaini kidogo: kwenye mwinuko wa mita 1,650 hewa ina uzito wa asilimia 85 hivi ya ile ya pwani, msukumo unashuka karibu kwa kiasi hicho, na mwendo wa kuacha ardhi unapanda kwa kama asilimia 8.

Kilo 24 hazikuja kwa bahati. Uingereza, modeli ikivuka kilo 25 inaingia kwenye utaratibu mwingine wa ukaguzi na majaribio unaosimamiwa na Large Model Association, chama cha wajenzi wa modeli kubwa. Mjenzi alijiwekea nafasi ya kilo moja, na kila uamuzi wa umeme ulipaswa kuishi ndani ya kilo hiyo.

Umeme wenyewe ulichorwa mara mbili. Mchoro wa kwanza ungeweza kuchorwa na fundi yeyote mzoefu wa ndege za propela za kilo 6: betri moja kubwa yenye ujazo wa 5,000 mAh, swichi moja, risiva (kipokea ishara za rimoti) moja ya chaneli 12, waya wa panda unaolisha servo (mota ndogo za kugeuza vibao kwa amri ya rimoti) mbili za mkia kutoka chaneli moja, na nyaya za servo za kawaida zilizorefushwa kwa plagi. Mezani kila kitu kilicheza. Mkia uliitika, magurudumu yalikunjika, mita ilisoma volti 8.1. Ndiyo hatari ya mchoro huu. Mezani hakuna upepo unaosukuma bawa la mkia, servo inazunguka bure, na servo inayozunguka bure hainywi umeme wa maana.

Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye mzigo. Betri zitafuata baadaye.

Servo inabeba nini hasa

Mwendo wa juu wa modeli umewekwa kilomita 270 kwa saa, yaani mita 75 kwa sekunde. Usawa wa bahari, shinikizo la hewa inayokuja mbele ni nusu ya 1.225 mara 75 mara 75, sawa na nyutoni 3,445 kwa kila mita ya mraba. Aileroni moja, yaani kibao cha kulaza ndege kilicho nyuma ya bawa, ina urefu wa sentimita 55 na upana wa sentimita 10. Ukizidisha shinikizo kwa eneo lake, kisha kwa upana wake, unapata nyutoni-mita 19. Sehemu ya hiyo inayofika kwenye bawaba hutegemea pembe: kwa kibao cha kawaida kilichoinuliwa nyuzi 15, kadirio la 0.16 si la uoga wala la ujasiri. Jibu ni nyutoni-mita 3.0, kwa lugha ya maduka ya modeli kama 31 kg·cm.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kununua servo ya 50 kg·cm na kufunga mjadala. Subiri kwanza. Ikiwa mkono wa servo na pembe ya aileroni, yaani kile kijiti cha kwenye kibao kinachovutwa na fimbo, vina urefu sawa, servo inageuka nyuzi 15 tu na kubeba zile 31 zote. Ukifupisha mkono wa servo, au ukirefusha pembe ya aileroni, mpaka servo itumie nyuzi 45 kutoa zile 15 za aileroni, urefu wa pembe unakuwa mara 2.7 ya mkono, na mzigo kwenye servo unashuka hadi kama 11 kg·cm. Servo ile ile, umeme chini ya nusu. Kosa la kupunguza mwendo wa servo kwenye rimoti, asilimia 40 tu, badala ya kuupunguza kwa vyuma, ni la kawaida mno, na lina hasara ya pili: ulegevu wowote kwenye gia za servo unafika wote kwenye kibao, na ulegevu ndio chakula cha mpapatiko, yaani kibao kutetemeka chenyewe kwa nguvu hewani. Kwa aileroni na flapu (vibao vinavyoshushwa wakati wa kutua) tunachagua servo ya 25 hadi 30 kg·cm ya volti za juu, mzigo ukae chini ya nusu ya uwezo wake.

Mkia ni habari nyingine. Hawk haina kibao nyuma ya bawa la mkia. Bawa zima linageuka juu ya mhimili, na kwenye modeli yetu kila upande unageuka kivyake. Kila nusu ina urefu wa sentimita 55 na upana wa wastani wa sentimita 28. Mhimili ukiwa mahali hasa ambapo nguvu ya hewa inakaa, karibu robo ya upana kutoka mbele, servo haibebi karibu chochote. Ukikosea milimita 14, sawa na asilimia 5 ya upana, na bawa likawa linanyanyua nyutoni 160, servo inakutana na 2.2 nyutoni-mita, kama 23 kg·cm, mzigo ulioundwa na rula mbaya peke yake.

Kosea kwa upande gani pia si jambo dogo. Mhimili ukiwa mbele kidogo ya robo, tuseme asilimia 20 hadi 23, hewa inalirudisha bawa lenyewe katikati. Servo ikifa, bawa linafuata upepo na ndege bado ni ndege. Mhimili ukiwa nyuma ya robo, bawa linataka kukimbilia mwisho wa mwendo wake, na siku servo itakapokufa litafika huko. Kwa hiyo milimita 8 mbele ya robo zinanunuliwa kwa furaha kwa bei ya servo kubwa zaidi: 45 kg·cm kila upande, mkono wa chuma, fimbo ya milimita 4, viungo vya gololi vya M3. Kisha risasi inafungwa kwenye ukingo wa mbele wa kila nusu mpaka bawa, likiwa huru juu ya mhimili, lisimame bila kuangukia nyuma. Gramu hizo za risasi mkiani zinauma, kwa kuwa zinadai uzito mwingine puani. Lakini bawa la mkia lisilosawazishwa kwa uzito hupapatika kwa mwendo fulani, na mpapatiko humaliza kazi kabla rubani hajarudisha mkono wa mafuta.

Volti zinapotelea njiani

Sasa umeme. Servo hii ya mkia, ikianza kugeuka chini ya mzigo, inavuta ampea 5 kwa sehemu ya sekunde. Chukua wakati mgumu, rubani anavuta kutoka kwenye mbizo huku anailaza ndege: mkia ampea 10, aileroni mbili ampea 6, usukani wa mkia na vingine 2. Jumla 18.

Katika mchoro wa kwanza, betri imeshatumika nusu na iko volti 7.9. Ukinzani wa ndani wa betri ni miliomu 40. Mara ampea 18, volti 0.72 zimekwenda. Swichi ya kusukuma pamoja na plagi zake, miliomu 20: volti 0.36. Kutoka katikati ya kiwiliwili hadi mkiani ni mita 1.6, kwenda na kurudi 3.2. Waya ni wa milimita za mraba 0.33, ambao kila mita yake ina miliomu 54, kwa hiyo njia nzima ni 173. Na kwa kuwa ule ni waya wa panda, ampea 10 zote za mkia zinapita humo: volti 1.73. Plagi mbili njiani, kila moja na pini mbili za kupitisha umeme, tuseme miliomu 40 zote pamoja: volti 0.40.

Jumla ya zilizopotea ni 3.21. Servo ya mkia inapata volti 4.7.

Servo iliyoandikwa 45 kg·cm kwa volti 8.4 inabaki na kama 25 kwa volti 4.7, wakati ule ule ambao hewa inaidai zaidi. Kinachofuata huonekana nje kama hitilafu ya rimoti: ndege haiitiki. Risiva yenyewe huenda haikuzimika, maana risiva nyingi zinavumilia hadi kama volti 3.5. Na mjenzi akienda kuangalia mabaki, betri ina nusu ya umeme wake na kila kitu kinafanya kazi. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Hapa pabovu ni nusu kilo ya nyaya ambazo hakuna aliyezipima.

Angalia pia kile ambacho hakikuwa tatizo: ujazo wa betri. Ndege ya namna hii hutumia wastani wa ampea 4 hivi hewani. Dakika 8 ni kama 530 mAh. Ile betri ya 5,000 ingerusha ndege mara tano na zaidi, na isingeweza kuinua mkia mara moja. Kuongeza ujazo ili kutibu volti ni kununua mtungi mkubwa wakati bomba ndilo jembamba.

Mchoro wa pili ulifanya mambo manne. Betri zikawa mbili za seli 2, kila moja 3,200 mAh, zinazolisha kwa pamoja kupitia kisanduku cha kugawa umeme. Waya wa panda ukatupwa. Kila servo ya mkia ikapata waya wake wa milimita za mraba 0.75. Plagi za katikati ya njia zikaondolewa na kulehemiwa, ikabaki plagi moja tu pale mkia unapovuliwa. Na swichi ya kusukuma ikabadilishwa kwa swichi ya kielektroniki ambayo ikiharibika, au waya wake ukikatika, inabaki imewaka.

Hesabu mpya: betri mbili sambamba zina miliomu 20, volti 0.36. Kisanduku miliomu 10, volti 0.18. Waya wa mkia, mita 3.2 za miliomu 24, ni 77, lakini sasa unabeba ampea 5 tu: volti 0.38. Plagi volti 0.10. Jumla 1.02, na servo inapata volti 6.9. Betri moja ikifa kabisa hewani, upotevu wa betri unarudi 0.72 na mkia unapata volti 6.5. Yaani mchoro wa pili ukiwa umejeruhiwa una nguvu kuliko wa kwanza ukiwa mzima.

Gharama ya uzito? Shaba ya ziada kwa kila servo ya mkia ni gramu 12. Watu hubishana juu ya rangi kwa gramu nyingi kuliko hizo.

Betri zinakaa puani, maana turbini iko nyuma ya kitovu cha uzito na pua inadai uzito hata hivyo; afadhali betri kuliko risasi. Hilo linaongeza sentimita 80 za njia hadi kwenye kisanduku, kwa hiyo waya hapo ni wa milimita za mraba 2.5, na upotevu wake ni sehemu ya kumi ya volti.

Regyuleta hazikuwekwa. Servo zote ni za volti 8.4, betri inaunganishwa moja kwa moja. Kuna hoja ya upande wa pili: regyuleta hutoa volti zisizobadilika, na servo huenda kwa kasi ile ile mwanzo na mwisho wa mruko. Lakini servo kubwa ya dijitali inaposimamishwa ghafla hurudisha umeme kwenye njia, betri inaumeza, regyuleta nyingi haziwezi. Kipande kisichokuwepo hakiharibiki.

Ikifa hii, kipi kinabaki?

Swali hili liliulizwa kwa kila kisehemu, na majibu mengine hayakuwa yale yanayotarajiwa.

Risiva ni mbili, zote zinaingia kwenye kisanduku, nacho huchagua yenye ishara nzuri. Matokeo yamegawanywa makundi mawili, A na B. Nusu ya kushoto ya mkia na aileroni ya kulia ziko A. Nusu ya kulia ya mkia na aileroni ya kushoto ziko B. Kundi moja likizimika, bado kuna kitu cha kuinua pua na kitu cha kulaza ndege. Itapinda, itakuwa nzito, itatua.

Kishawishi ni kugawa flapu vivyo hivyo, moja A na moja B. Hapana. Flapu moja ikiwa chini na nyingine juu, ndege inageuka mgongo kwa mwendo wa kutua, na aileroni moja haitaizuia. Flapu zote mbili ziko A, ili zife pamoja. Kugawanya ni kwa vitu vinavyoweza kufanya kazi kimoja kimoja. Vinavyotakiwa kulingana viache vishiriki hatima.

Usukani wa mkia uko B, usukani wa gurudumu la pua uko A. Ukipoteza mmoja kwenye njia ya kurukia, mwingine unasaidia mpaka ndege isimame.

Kisanduku chenyewe je? Kiko kimoja, na hilo linawasumbua wengine. Ndani yake njia ya umeme ni kipande cha shaba, na shaba haina programu ya kuganda. Kinachoweza kuganda ni vichakataji vya ishara, navyo ni viwili. Kinachobaki ni waya uliochubuka ukagusana na kuivuta njia nzima chini. Dawa yake ni ya mikono: kila tundu kwenye fremu lina pete ya mpira, kila waya umefungwa kila sentimita 15, na hakuna waya unaogusa ukingo wa kaboni. Kaboni iliyokatwa ni msumeno, tena inapitisha umeme.

Jairo, kifaa kinachohisi ndege ikiyumba na kuituliza, iko karibu na kitovu cha uzito, imebandikwa kwa tepu ya povu nyembamba juu ya fremu ngumu. Nguvu yake inapunguzwa kadiri mwendo unavyopanda, maana kiwango kinachotuliza ndege wakati wa kutua kitaitetemesha kwa kilomita 250. Swichi ya kuizima iko pale kidole kinapofika bila kuangalia. Mwelekeo wake hukaguliwa kwa mkono kabla ya mruko wa kwanza na kila baada ya kugusa programu: inua mkia kwa ghafla, ukingo wa mbele wa bawa la mkia lazima ushuke, shusha bawa la kulia, aileroni ya kulia lazima ishuke, sukuma pua kulia, usukani lazima uende kushoto. Jairo iliyogeuzwa haisubiri mruko wa pili.

Injini ina nyumba yake

Kompyuta ya injini, pampu na mota ya kuwashia vina betri yao, seli 3 za LiFe (aina ya betri ya lithiamu), volti 9.9, 3,300 mAh. Haichangii na usukani hata waya mmoja wa chanya. Jeti isiyo na injini bado inatua. Isiyo na mkia haitui, kwa hiyo kila upande unyimwe nafasi ya kumuua mwenzake.

Mafuta ni mafuta ya taa safi yaliyochanganywa na asilimia 5 ya oili ya turbini, kwa sababu beringi zinalainishwa na mafuta yale yale. Injini ya ukubwa huu hunywa kama lita 0.6 kwa dakika ikiwa wazi kabisa. Mruko wa kawaida ni wastani wa lita 0.4, hivyo lita 4 ni dakika 8 na akiba ya 2. Matangi mawili yamefungwa mfululizo, yote juu ya kitovu cha uzito, kisha tangi dogo la kutega hewa la mililita 200 kabla ya pampu. Tangi dogo hili lisiguswe na hewa kamwe. Kiputo kimoja kikubwa kwenye pampu kinazima moto hewani, na chanzo mara nyingi ni mpira mgumu usiobana vizuri kwenye shingo ya tangi upande wa kunyonya. Upande wa kunyonya hauvuji mafuta nje; unavuta hewa ndani, kwa hiyo sakafu kavu haithibitishi chochote. Tumia bomba lisilo na rangi, washa injini, angalia.

Baada ya kutua, kompyuta inaendelea kuzungusha mota ya kuwashia ili kupoza injini. Anayechomoa betri ya injini kwa haraka ya kubeba ndege anaacha joto likae kwenye beringi. Na bomba la moto la nyuma, ambalo kwenye Hawk linapita katikati ya servo mbili za mkia, lina kuta mbili zenye pengo la hewa linalonyonya hewa baridi. Stika za kupima joto zimebandikwa kwenye mwili wa servo hizo. Zikibadilika rangi mahali palipoandikwa 60, njia ya hewa inapanuliwa.

Magurudumu ya kukunja ni ya mota za umeme, na yana betri yao ndogo pia, pamoja na breki za sumaku. Hoja fupi: gurudumu lililokwama huvuta umeme mpaka kidhibiti chake kikate, na huo usitoke kwenye hazina ya mkia. Zaidi ya hapo hakuna la ajabu, ila milango: mpangilio wa mlango kufunguka kabla ya gurudumu upimwe na betri ikiwa karibu kuisha, maana mota iliyochoka huchelewa na mlango haumsubiri.

Antena na ukimya

Mawimbi ya 2.4 GHz yana urefu wa sentimita 12.5. Kipande cha antena kinachofanya kazi ni kile cha mwisho kisichovikwa, milimita 31, na kaboni kwake ni ukuta. Antena moja ya risiva ya kwanza imesimama wima puani, ndani ya faibaglasi. Ya pili imelala kukingamana na ndege. Za risiva ya pili ziko nyuma ya chumba cha rubani, zimezungushwa nyuzi 90 kutoka zile za kwanza. Lengo ni kwamba popote ndege ilipogeukia, tangi la mafuta, turbini au mhimili wa kaboni lisiweze kuzifunika zote nne kwa pamoja.

Mpango wa dharura, yaani kile ambacho risiva hufanya ikikosa ishara, umewekwa hivi: injini inazimwa, si kurudishwa mwendo wa chini, vibao vyote katikati. Umewekwa kwenye risiva zote mbili. Hapa kuna mtego: mjenzi huweka kwenye risiva ya kwanza, anazima rimoti, injini inazima, anaridhika. Miezi baadaye anaiunganisha upya risiva moja na rimoti, mpango unafutika kimya kimya, na risiva ile sasa inashikilia amri ya mwisho iliyopata. Siku ishara ikikatika kwa nguvu wazi, kilo 24 zinaendelea na nguvu wazi. Jaribio hilo lirudiwe kila risiva peke yake, nyingine ikiwa imechomolewa.

Kabla ya njia ya kurukia

Mchoro wa kwanza ulifaulu mezani kwa kuwa hakuna aliyeubebesha. Mchoro wa pili ulipimwa ukiwa umebeba. Mizani ya samaki inafungwa kwa kamba kwenye bawa la mkia, sentimita 10 nyuma ya mhimili, na kuvutwa mpaka isome kilo 2.5, hizo ni 25 kg·cm, zaidi kidogo ya mzigo uliohesabiwa. Servo inaamriwa kwenda na kurudi huku mita ikisoma volti pale pale kwenye plagi ya servo. Kusoma kwenye betri hakuna faida. Mita iwe yenye kushika kiwango cha chini, kwa sababu mporomoko hudumu kwa muda mfupi kuliko jicho. Mpaka uliowekwa ni volti 6.0, chini ya hapo mchoro unarudi kwenye karatasi.

Kisha vijiti vyote vinakorogwa kwa dakika 10 mfululizo, magurudumu yakikunjwa na kukunjuliwa kila dakika. Baada ya hapo gusa plagi moja moja kwa kidole: yenye joto kuliko jirani zake ina pini iliyolegea. Dakika ya nne betri moja inachomolewa bila kusimamisha chochote, inarudishwa, inachomolewa ya pili. Vivyo hivyo risiva. Kitu chochote kikitetereka, hata kwa kufumba na kufumbua, sababu itafutwe kabla ya kuendelea, haitajirekebisha uwanjani.

Uwanjani, ndege ikifungwa kwa kamba na mtu akisimama na kizima moto cha CO2, kipimo cha umbali hufanywa mara mbili: injini imezimwa, kisha injini ikiwa nusu ya nguvu. Umbali ukipungua kwa kiasi kinachoonekana kati ya vipimo hivyo, kuna waya wa pampu au wa kompyuta ya injini unaopita karibu mno na antena. Usogeze, pima tena.

Mruko wa kwanza ni dakika 5, saa ya rimoti ikilia ya nne. Ukishatua, betri zinachajiwa kila moja peke yake na mAh zilizorudi zinaandikwa. Betri mbili za usukani zitofautiane kwa si zaidi ya asilimia 15 hivi. Moja ikirudisha 310 na nyingine 90, ile ya pili haikuwa inabeba: plagi, swichi au seli. Ndege iliruka kwa betri moja na hakuna aliyejua. Mafuta yaliyobaki yanapimwa kwa kuyatoa kwenye chupa yenye alama, na saa ya mruko wa pili inawekwa kutokana na chupa hiyo.